Samadi na tope la majitaka shambani: kupima, kuivisha na kutandaza

Mfuko wa mbolea ya viwandani una namba zilizochapwa ubavuni; lundo la samadi halina. Ndiyo maana shamba moja, lililomwagiwa samadi ileile, huwa na mahindi yaliyonenepa mpaka yakalala chini upande huu na mahindi ya njano upande wa pili, kisha lawama inatupiwa mvua. Makosa mengi ya samadi huanzia kwenye kutojua kilichomo, kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kipimo na kumalizikia shambani.

Tope la majitaka, yaani mabaki mazito yanayokaa chini majitaka yanaposafishwa mitamboni au kwenye mabwawa, limepewa sehemu yake peke yake. Virutubisho ni vilevile, lakini lina vimelea vya binadamu na metali nzito, na kosa lake haliishi kwa msimu mmoja.

Jua ulichonacho

Kinyesi kibichi cha ng'ombe ni maji kwa asilimia 80 hadi 85. Ukibeba tani moja, umebeba kilo 150 hadi 200 tu za kitu kikavu. Kilichobaki ni maji. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni ukavu, nacho hakihitaji maabara:

1. Chota koleo moja moja kutoka sehemu kumi za lundo: juu, katikati na chini. Usitegemee ganda la juu, limeshapigwa na jua na mvua. Changanya vizuri juu ya turubai.
2. Pima kilo 1 ya mchanganyiko huo, uutandaze mwembamba juani, mahali ambapo kuku hawafiki na upepo hauupeperushi.
3. Pima asubuhi na jioni mpaka vipimo viwili mfululizo vilingane. Zikibaki gramu 450, ukavu ni 45%.
4. Jaza ndoo tano kama utakavyozijaza siku ya kazi, zipime, utafute wastani. Kuanzia hapo unaweza kuhesabu kwa ndoo bila mzani.

Sampuli iliyoanikwa isipelekwe maabara kupimwa naitrojeni, kwa sababu sehemu kubwa ya amonia, yaani naitrojeni iliyo katika umbo la gesi kali, imeshapaa juani. Ya maabara iwe mbichi, kwenye mfuko uliofungwa bila hewa, ikae mahali pa baridi.

Kama maabara iko mbali, anza na makadirio haya. Yote ni asilimia ya kitu kikavu:

- Ng'ombe: naitrojeni 1.5–2.5, fosforasi 0.4–0.8, potasiamu 1.5–2.5
- Mbuzi na kondoo: naitrojeni 2–3
- Nguruwe: naitrojeni 3–4
- Kuku: naitrojeni 3–5, fosforasi 1.5–2, potasiamu 1.5–2.5
- Tope lililoozeshwa mtamboni: naitrojeni 3–6, fosforasi 1.5–3, potasiamu chini ya 0.5

Potasiamu ya tope ni haba kwa sababu huyeyuka na kuondoka na maji yaliyosafishwa. Fosforasi hubaki imeng'ang'ania uchafu mzito. Na angalia lebo unapolinganisha na mbolea ya dukani: nyingi huandika fosforasi kwa kipimo cha P2O5, na kilo 1 ya fosforasi halisi ni sawa na kilo 2.29 za P2O5. Wanaosahau hilo hukosea kwa zaidi ya mara mbili.

Makadirio hayo hayaifai samadi ya zizi la wazi, iliyokanyagwa pamoja na udongo. Hiyo inaweza kuwa na naitrojeni chini ya 1%. Ijaribu kwa chupa: tia vijiko vitatu, jaza maji, tikisa kwa nguvu, acha dakika mbili. Mchanga ukikaa chini kwa tabaka nene, unasomba udongo, na nauli unailipia udongo.

Si naitrojeni yote inayofika kwenye mmea mwaka wa kwanza. Ya samadi ya ng'ombe huachiwa asilimia 30 hadi 40, ya kuku 50 hadi 60, ya mboji iliyoiva 10 hadi 20, na ya tope lililoozeshwa 20 hadi 30, ukiacha ile ambayo tayari iko katika umbo la amonia. Mwaka wa pili huja karibu nusu ya ile ya mwaka wa kwanza, kisha inazidi kupungua. Shamba lililowekwa samadi miaka mitatu mfululizo lina akiba ambayo mahesabu ya mwaka huu peke yake hayaioni.

Kabla ya lundo: mkojo

Karibu nusu ya naitrojeni ya ng'ombe, na sehemu kubwa ya potasiamu, hutokea kwenye mkojo. Banda lenye sakafu inayovuja na lisilo na matandiko huitupa nusu hiyo kila siku. Weka mabua yaliyokatwa, majani makavu au maranda ya kutosha kunyonya mkojo, na sakafu iwe ngumu yenye mteremko mdogo kuelekea kwenye mfereji wa kukusanyia. Lundo liwe chini ya paa au turubai. Maji meusi yanayotiririka kutoka chini ya lundo baada ya mvua ni naitrojeni na potasiamu vinavyoondoka, na vikifika kisimani huwa ni tatizo la watu wengine.

Shimo la samadi ya majimaji lina hatari yake. Likikorogwa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo kwa kiwango kidogo hunuka kama yai bovu na kwa kiwango kikubwa huua uwezo wa pua kuinusa, kisha humwangusha mtu kwa pumzi chache. Usiingie shimoni kumwokoa aliyeanguka. Mara nyingi mwokoaji naye hufa. Koroga siku yenye upepo, wanyama wakiwa nje, na watu wakae mbali kwa upande unakotoka upepo.

Kuivisha

Samadi mbichi inaweza kutumika, lakini kuiivisha kunaua vimelea na mbegu za magugu, kunapunguza uzito wa kubeba na kunaondoa makali yanayounguza miche. Gharama yake ni naitrojeni: sehemu yake hupaa kama amonia, hata ukifanya vizuri. Kwa shamba la nafaka linalolimwa miezi kadhaa baadaye, tungeitandaza mbichi na kuifukia. Kwa bustani ya mboga, tungeiivisha bila mjadala.

Bakteria wa lundo hutaka kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu 1. Samadi ya kuku ina takribani 10 kwa 1, ya ng'ombe 15 hadi 25, mabua ya mahindi 60 au zaidi, maranda mamia. Kwa ujazo, ndoo 1 ya samadi ya kuku huchanganywa na ndoo 2 au 3 za mabua makavu yaliyokatwa vipande vya sentimita 5 hadi 10. Kinyesi kibichi cha ng'ombe kinahitaji ndoo 1 hadi 2 za mabua, zaidi kwa ajili ya kunyonya maji na kuachia hewa ipite. Samadi iliyotoka bandani pamoja na matandiko yake mara nyingi haihitaji nyongeza.

1. Chagua mahali palipoinuka, pasipotuama maji, mbali na kisima. Tandika chini mabua mazima au matawi, unene wa sentimita 20, hewa iingie kwa chini.
2. Jenga lundo lenye upana wa mita 1.5 hadi 2 na kimo cha mita 1.2 hadi 1.5, urefu ni wowote. Lundo fupi la chini ya mita moja halishiki joto. Lililopita mita 2 hujilalia lenyewe na kubana hewa.
3. Lowesha unapopanga, siyo baada ya kumaliza, kwa sababu maji yanayomwagwa juu hushuka kwa njia chache na kuacha katikati pakavu. Kamata konzi moja na ukamue: yatoke matone mawili matatu. Yakichuruzika, ongeza mabua. Konzi ikivunjika yenyewe, ongeza maji.
4. Chomeka chuma kirefu, kama nondo, mpaka katikati. Kila siku kichomoe na ukishike. Ndani ya siku 2 hadi 4 kiwe cha moto kiasi cha kushindwa kukishikilia. Kipimajoto kirefu ni bora zaidi, kwa kuwa shabaha ni nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi.
5. Geuza kwa namna ambayo kilichokuwa nje kinaingia ndani. Kanuni za Marekani za lundo la kugeuza hutaka nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, likigeuzwa mara 5 ndani ya muda huo. Hesabu hiyo imetungwa ili kila konzi ya lundo ipite kwenye kitovu cha joto. Ukiligeuza mara moja tu, ganda la nje linabaki na vimelea vyake vyote.
6. Likishapoa, liache litulie mwezi mmoja hadi miwili. Limeiva pale linapogeuzwa na joto halipandi tena, harufu ni ya udongo, na ujazo umebaki karibu nusu.

Joto likipita nyuzi 70, geuza hata kama siku yake haijafika, maana bakteria wenyewe wanakufa. Harufu kali ya amonia inayochoma macho maana yake naitrojeni imezidi: changanya mabua. Harufu ya uozo, kama ya dimbwi, ni maji mengi na hewa kidogo. Geuza na utie vitu vikavu. Ukifukua ukakuta unga mweupe kama majivu katikati, lundo limekauka, na kumwagilia kwa juu hakutasaidia; libomoe ulipange upya na maji.

Kitu kimoja hakiivi hata lundo lichemke vipi: masalia ya baadhi ya viuagugu vya majani mapana vinavyopuliziwa malisho na nafaka, hasa kloparalidi na aminoparalidi. Hupita tumboni mwa ng'ombe vikiwa hai, hukaa kwenye samadi na mabua kwa miezi mingi, na kiasi kidogo sana hukunja nyanya, maharage na viazi. Samadi ya kununua ipimwe kwa maharage kabla haijaingia bustanini. Jaza makopo matatu kwa samadi sehemu 1 na udongo unaouamini sehemu 2, na mengine matatu udongo mtupu. Panda maharage matatu kila kopo, subiri wiki tatu. Majani mapya yakijikunja kama kikombe au kuwa membamba yenye mishipa iliyobanana, kwenye makopo ya samadi tu, samadi hiyo iende kwenye mahindi au nyasi, na iwe mbali na mboga.

Tope la majitaka

Lililotoka moja kwa moja kwenye gari la kunyonya vyoo halifai shambani, hata kwa shamba la miti, mpaka lipitie matibabu. Linalofaa kujadiliwa ni lililotoka mtamboni likiwa limeozeshwa, limekaushwa, limeivishwa kwa joto au limetibiwa kwa chokaa, tena likiwa na cheti cha maabara cha shehena hiyohiyo. Cheti cha mwaka jana ni cha tope la mwaka jana. Nchi nyingi hudai pia kibali cha maandishi cha kulitandaza; kipatikane kabla lori halijafika.

Tatizo la kwanza ni mayai ya minyoo. Bakteria wengi hufa kwa kukauka na kwa muda, lakini mayai ya minyoo mikubwa ya tumboni, askarisi, yana ganda gumu na huweza kukaa hai udongoni kwa miaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka yai lisilozidi moja kwa kila gramu ya kitu kikavu. Kwa tope lililohifadhiwa tu bila joto, unataja mwaka mmoja na zaidi mahali penye wastani wa nyuzi 20 hadi 35, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili penye baridi zaidi. Muda huo huhesabiwa tangu siku rundo lilipofungwa. Ukiongeza ndoo moja mbichi, umeanza upya.

Chokaa hufanya kazi kwa kupandisha pH, kipimo cha uchachu ambacho namba yake hupanda kadiri uchachu unavyopungua. Utaratibu wa Marekani ni kufikisha pH 12 na kuishikilia kwa saa 2, kisha ibaki 11.5 kwa saa nyingine 22 bila kuongeza chokaa. Hii hupunguza bakteria na harufu. Mayai ya minyoo hayamalizwi nayo, kwa hiyo tope la namna hii bado lina masharti ya mazao na muda wa kusubiri. Chokaa isiyozimwa huunguza ngozi na macho, na rundo likitiwa chokaa hufukuza amonia nyingi kwa mkupuo. Fanya kazi nje, na miwani.

Tatizo la pili ni metali. Marekani ina kanuni iliyotolewa mwaka 1993, na tope linalohesabiwa kuwa safi kwa upande huu lisipite miligramu hizi kwa kilo moja ya kitu kikavu: aseniki 41, kadimi 39, shaba 1,500, risasi 300, zebaki 17, nikeli 420, seleni 100, zinki 2,800. Agizo la Ulaya la mwaka 1986 linaweka kadimi kati ya 20 na 40, lakini linakwenda mbali zaidi kwa kuuangalia udongo wenyewe: kwenye udongo wa pH 6 hadi 7, kadimi isipite miligramu 1 hadi 3 kwa kilo, shaba 50 hadi 140, zinki 150 hadi 300. Ushauri wetu ni kufuata mtazamo wa Ulaya. Tope linaisha, udongo unabaki na kilichomo.

Kadimi ndiyo ya kuogopwa zaidi kwenye chakula kwa sababu mmea huinyonya bila kuonyesha dalili yoyote, hasa mchicha, saladi na tumbaku. Risasi hunyonywa kidogo. Hatari yake ni vumbi na udongo ulioshika mizizi na majani. Zinki, nikeli na shaba huumiza mmea kabla hazijamuumiza mlaji. Zote, isipokuwa chache kama seleni, huyeyuka zaidi udongo ukiwa na uchachu, kwa hiyo shamba la tope lishikiliwe pH 6.5 au juu yake, siyo mwaka huu tu bali muda wote. Mtu akija kulilima miaka kumi baadaye bila kutia chokaa, metali zilizokuwa zimelala huamka.

Kuna pia kemikali za jamii ya PFAS, zile zinazotumika kuzuia maji na mafuta yasishike kwenye vyombo, nguo na vifungashio. Joto la lundo haliziozeshi. Ndizo zilizolifanya jimbo la Maine, Marekani, lipige marufuku kutandaza tope mwaka 2022. Uswisi ilikuwa imeshaliondoa mashambani tangu mwaka 2006. Ulizia majitaka yanatoka wapi: mtambo unaopokea maji ya viwanda vya ngozi, vya kupaka metali au vya nguo ni wa kuukwepa, hata kama cheti cha metali kimepita, maana cheti hicho hakipimi kila kitu.

Hesabu ya kiwango

Watu wengi hukokotoa naitrojeni tu. Kwa samadi na tope, kinachojaa kwanza udongoni mara nyingi ni fosforasi.

Chukua samadi ya ng'ombe yenye ukavu wa 45%, naitrojeni 2% na fosforasi 0.5% ya kitu kikavu. Tani moja kama ilivyo ina kilo 450 kavu, kwa hiyo kilo 9 za naitrojeni na kilo 2.25 za fosforasi. Mwaka wa kwanza itaachia 35% ya naitrojeni, yaani kilo 3.15. Mahindi yanahitaji kilo 90 kwa hekta: 90 gawanya kwa 3.15 ni tani 28.6. Hizo zitaleta kilo 64 za fosforasi, wakati mavuno ya tani 5 za punje huondoa kama kilo 15. Ukirudia miaka mitano, fosforasi iliyozidi itakuwa inaosheka kwenda mtoni kila mvua kubwa.

Geuza hesabu: anza na fosforasi. Tani 7 zitatoa kilo 15.75 za fosforasi, zinatosha, na kilo 22 za naitrojeni. Zilizobaki, kilo 68, zitoke kwenye mbolea ya kukuzia. Kwa urea yenye 46% ni kilo 148, ziwekwe kwa awamu mbili. Tani 7 pia ni mzigo unaobebeka. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, hekta ina mashimo 44,444, na kila shimo litapata gramu 157. Pima gramu 160 kwenye kopo mara moja kwa mzani, kata kopo usawa huo, na hakuna atakayebishana na mwenzake shambani.

Sasa tope: ukavu 25%, naitrojeni 4%, fosforasi 2%, na 30% ya naitrojeni inapatikana mwaka wa kwanza. Tani moja kavu hutoa kilo 12. Kwa kilo 90 unahitaji tani 7.5 kavu, sawa na tani 30 za mzigo wa lori. Fosforasi itakayokuja ni kilo 150, chakula cha mavuno kumi. Potasiamu, kwa 0.3%, ni kilo 22 tu, na ukiyaondoa mabua shambani utaikosa haraka. Itie kwa mbolea nyingine. Njia nzuri ni kuzungusha: kipande kimoja kipokee tope mara moja kisha kipumzike kwa miaka kadhaa, kikilishwa naitrojeni peke yake.

Metali nazo zihesabiwe. Tope hilo likiwa na shaba miligramu 400 kwa kilo, tani 7.5 zinaingiza kilo 3 za shaba kwenye hekta. Tabaka la juu la sentimita 20 lina uzito wa takribani tani 2,600, kwa hiyo kiwango cha shaba kinapanda miligramu 1.15 kwa kilo. Ni kidogo. Lakini udongo ulioanza na miligramu 30 na kuwekewa ukomo wa 50 unafikia ukomo baada ya kutandaziwa mara 17, na haurudi chini. Kila utandazaji uandikwe: tarehe, kipande, tani kavu, namba za cheti.

Kutandaza na kufukia

Tandaza karibu na kupanda kadiri muda wa kusubiri unavyoruhusu. Samadi iliyokaa juu ya ardhi miezi miwili kabla ya mvua imeshapoteza amonia na kuota magugu. Acha angalau mita 10 kutoka kwenye mto au mfereji na mita 50 kutoka kwenye kisima. Usitandaze kwenye mteremko mkali, wala udongo ukiwa umelowa chepechepe, wala wingu kubwa likiwa limetanda.

Fukia siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa chache, kina cha sentimita 10 hadi 15. Samadi ya majimaji na ya kuku, ikiachwa juu siku nzima ya jua na upepo, inaweza kupoteza nusu ya naitrojeni yake ya amonia. Jioni tulivu ni bora kuliko adhuhuri. Usifukie kwa kina kinachozidi sentimita 20. Huko hewa ni haba na samadi hukaa miezi bila kuoza. Chokaa ya kurekebisha uchachu isimwagwe pamoja na samadi. Itangulie kwa wiki kadhaa, vinginevyo utaifukuza amonia uliyoigharimia.

Kwenye mashimo ya kupandia, changanya samadi na udongo, funika kwa udongo mtupu wa sentimita 5, ndipo uweke mbegu. Samadi ya kuku iliyogusa mbegu huiunguza kwa chumvi na amonia, na hilo huonekana zaidi kwenye udongo wa kichanga na mvua za kusuasua.

Muda wa kusubiri kabla ya kuvuna usichezewe. Kwa samadi mbichi, kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka siku 120 kati ya kuifukia na kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa hugusa udongo, na siku 90 kwa mengine. Kwa tope lisiloivishwa kikamilifu, Marekani hutaka miezi 14 kwa mazao yanayogusa udongo na miezi 20 hadi 38 kwa yanayokua ndani ya udongo kama karoti, kutegemea tope lilikaa juu kwa muda gani kabla ya kufukiwa. Mifugo isiingie malishoni kwa siku 30. Kwa kweli, tope la namna hiyo lielekezwe kwenye miti, pamba, malisho ya kukata na nafaka, na mboga za kuliwa mbichi zisahauliwe kabisa kwenye kipande hicho.

Wanaolishika tope wavae buti, glavu ndefu na kitu cha kuzuia vumbi kama limekauka. Kula na kuvuta sigara kusubiri mpaka mikono ioshwe kwa sabuni. Ndoo na koleo za tope zisirudi kwenye kazi ya mboga.

Kulisoma shamba baadaye

Mimea ikiwa ya njano wiki tatu baada ya kuota, na samadi ilikuwa na maranda mengi, bakteria wamechukua naitrojeni ya udongo kuozesha kuni hizo. Weka mbolea ya kukuzia mapema. Naitrojeni hiyo itarudi, lakini msimu huu umeshachelewa kuingoja. Ncha za majani zikiungua huku udongo una unyevu, ni chumvi, na dawa yake ni maji mengi na samadi kidogo mara nyingine. Nyanya zenye majani ya kijani kibichi kilichokolea na maua machache zimeshiba naitrojeni. Karoti zilizogawanyika miguu huenda zimepandwa kwenye samadi isiyoiva. Miche ikianguka mmoja mmoja, fukua shinani: samadi iliyooza nusu huvutia mbawakawa kutaga, na funza wao weupe, waliojikunja, hula mizizi.

Udongo upimwe kila baada ya misimu mitatu au minne, sampuli zikitolewa kina kilekile cha sentimita 20, mwezi uleule. Fosforasi ikiwa juu ya kiwango ambacho maabara inakiita cha kutosha, simamisha samadi kwenye kipande hicho, ipeleke kwingine, na uendelee na naitrojeni peke yake au zao la jamii ya kunde mpaka namba ishuke.